Shajara ya mradi: kumfuata mgonjwa hadi majibu yake yafungwe

Januari

Mradi umeruhusiwa kuanza. Kliniki yetu ya magonjwa ya kudumu inaendeshwa kwa sehemu kubwa na wauguzi wabobezi: wanapima, wanatambua ugonjwa, wanaandika dawa, wanaagiza vipimo vya maabara na kutoa rufaa, huku daktari mshauri akiwa karibu kwa mambo mazito. Kwa miaka mingi ubora wa kazi yao umekaguliwa kwa njia moja tu. Mtu huchukua majalada na kuangalia kama kuna sahihi, tarehe, mzio wa dawa na uzito wa mgonjwa. Majalada yanafaulu. Mwaka huu tunataka kujua jambo zito zaidi: mgonjwa aliyetoka chumbani na karatasi ya kipimo, je, majibu yake yalisomwa, uamuzi ukafanywa, na mwenyewe akaambiwa?

Kikao cha kwanza kilianza na swali la siku zote, kwamba tutajuaje kama muuguzi mbobezi anamhudumia mgonjwa sawasawa na daktari. Swali hilo limeshafanyiwa kazi. Kada hii ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kwa mafunzo yaliyoanzishwa na muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio lililoongozwa na Mary Mundinger huko New York. Wagonjwa 1,316 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakahudumiwa na wauguzi wabobezi na wengine na madaktari, na pande zote mbili zilikuwa na mamlaka yaleyale ya kuandika dawa na kutoa rufaa. Baada ya miezi 6 hali ya afya ya makundi hayo mawili haikutofautiana. Kwa wenye presha, namba ya chini ya waliohudumiwa na wauguzi ilikuwa hata pungufu kidogo, 82 dhidi ya 85.

Niliyasoma hayo mezani ili tuvuke hapo. Jaribio la aina ile linatupa imani na kada nzima, lakini halisemi lolote kuhusu mama aliyepimwa figo wiki iliyopita kwetu na ambaye majibu yake huenda bado yapo kwenye mashine. Huyo ndiye mradi huu unamtafuta.

Februari, mwanzoni

Tumechagua viashiria, na kazi imechukua muda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila mtu alikuja na orodha ndefu na kila kitu kilionekana muhimu.

Tulijipanga kwa mgawanyo wa ubora wa huduma uliotolewa na daktari Avedis Donabedian mwaka 1966: muundo (watu na vifaa), mchakato (kinachofanywa kwa mgonjwa) na matokeo (kinachompata mgonjwa). Matokeo ndiyo mgonjwa anayoyajia. Anataka asipate kiharusi, asikatwe mguu, figo zisife. Tatizo ni kwamba kiharusi kinachozuiliwa leo kingetokea miaka mingi ijayo, na kliniki ndogo haiwezi kuyasubiri matukio hayo ili ijue kama inafanya kazi vizuri. Mchakato unaonekana haraka, ila una hatari yake: ukipimwa vibaya unageuka kuwa mchezo wa kuweka alama kwenye kisanduku. Kwa hiyo tuliweka sharti. Kila kiashiria cha mchakato lazima kiwe na njia inayojulikana ya kufika kwenye mwili wa mgonjwa. Kikikosa njia hiyo, tunakiacha.

Vilivyobaki ni vinne. Presha ipimwe kwa utaratibu sahihi, na ikiwa juu irudiwe palepale. Mgonjwa anayeanzishiwa enalaprili, losartani au dawa nyingine za presha za jamii hizo apimwe baadaye kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu, madini ya damu. Miongozo inatofautiana kati ya wiki 1 na wiki 4, nasi tumechagua 2. Mwenye kisukari akaguliwe miguu angalau mara moja kwa mwaka, ikiwemo kuguswa nyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 ili kujua kama hisia bado zipo. Na cha nne, ambacho kwangu ndicho moyo wa mradi: kila jibu la maabara lisilo la kawaida limfikie mgonjwa na liwe na uamuzi.

Tumeacha idadi ya wagonjwa wanaoonwa kwa siku, kwa sababu inapima mwendo wa foleni. Tumeacha pia wastani wa kuridhika kwa wagonjwa. Mtu akiulizwa na yule anayemtibu kama ameridhika, atasema ndiyo. Badala yake tutauliza swali moja mlangoni anapotoka, tena atauliza mtu asiyemhudumia: "Umeambiwa majibu yako yana maana gani?"

Februari, mwishoni

Dodoso la ukaguzi lilijaribiwa na wakaguzi wawili waliosoma majalada yaleyale, kila mmoja peke yake, bila kuona majibu ya mwenzake. Tulikokotoa makubaliano yao kwa kappa, kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, ambacho huondoa yale makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati tu. Hili ni la lazima. Kama karibu kila jalada lina jibu la "ndiyo", wakaguzi wawili wanaojibu "ndiyo" bila hata kusoma wataonekana wanakubaliana vizuri sana.

Kwenye kreatinini walikubaliana. Kwenye "mgonjwa amearifiwa" walitofautiana vibaya, na sababu ilijulikana mara tu tulipoketi. Muuguzi mmoja aliuliza, "Sista, nikimpigia simu ikaita bila kupokelewa, nimemwarifu?" Mwingine akasema yeye huandika "ameelezwa" pale anapotuma ujumbe mfupi. Wa tatu huandika hivyohivyo anapomwambia mgonjwa siku ya kutoa damu kwamba majibu yakiwa mabaya ataitwa. Wote watatu ni watu makini, na neno lao ni moja, lakini mgonjwa wa kwanza hakusikia chochote, wa pili huenda hakuelewa, wa tatu anadhani ukimya maana yake ni mzima.

Tafsiri mpya: mgonjwa amearifiwa pale jalada linapoonyesha nani alimwambia, lini, na mgonjwa mwenyewe alieleza kwa maneno yake atafanya nini. Sehemu hiyo ya mwisho ilipingwa, kwamba inaongeza maandishi. Nikaishikilia. Kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake alichoelewa huchukua muda mfupi kuliko kumtafuta baada ya wiki akiwa amemeza dawa tuliyomwambia aache. Kwenye jalada inatosha sentensi moja: "Atasimamisha dawa leo, atarudi kesho kupimwa tena."

Mzunguko wa pili wa wakaguzi umekwenda vizuri. Dodoso limepita.

Machi

Mwezi wa presha. Jalada haliwezi kutuambia presha ilipimwaje, kwa hiyo tulikwenda kukaa vyumbani na kuangalia, kwa ruhusa ya muuguzi na ya mgonjwa. Utaratibu unajulikana na kila muuguzi: mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu ikanyage sakafu bila kupishana, mkono uwe usawa wa moyo, kibofu kisiwe kimejaa, asizungumze wala asizungumzishwe, na mkanda uenee mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa ya maisha kwa sababu ya mkanda.

Kabla hatujaingia vyumbani tulifanya jambo ambalo ningemshauri yeyote alifanye, maana halihitaji fedha. Tuliangalia tarakimu ya mwisho ya kila kipimo cha presha kilichoandikwa. Kwa mashine ya kidijitali, tarakimu kuanzia 0 hadi 9 zinapaswa kutokea karibu sawa, kila moja takribani mara 1 kwa kila vipimo 10. Kwa mashine ya zebaki au ya mshale, ambayo husomwa kwa hatua za 2, sifuri inapaswa kuwa takribani mara 1 kati ya 5. Sifuri zikirundikana zaidi ya hapo, kuna mtu anakadiria. Zilirundikana katika chumba kimoja, na zilirundikana zaidi kwenye 130 na 140, mahali penyewe ambapo uamuzi wa dawa hufanyika.

Tulipokwenda kukaa katika chumba hicho, maelezo yalikuwa wazi. Mashine ya kidijitali ilikuwa imeharibika na mahali pake palikuwa na ya mshale yenye kioo kilichofifia. Viti havikuwa na migongo. Mkanda ulikuwa wa saizi moja. Muuguzi wa chumba kile alikuwa anajua kila hatua, akanitajia hata ile ya kibofu ambayo wengi huisahau. Hakuna mafunzo ambayo yangemsaidia. Tumeandika maombi ya viti, mashine na mikanda ya saizi tatu, na nimeambatisha mchoro wa zile tarakimu, maana uongozi huelewa picha haraka kuliko malalamiko.

Aprili

Tumefika kwenye majibu ya maabara, na mwezi mzima umekwenda huko.

Tulichukua kila jibu lisilo la kawaida na kulifuata kwa mkono: limeagizwa, damu imetolewa, sampuli imefika, jibu limetoka, mtu ameliona, ameamua, mgonjwa ameambiwa, kipimo kimerudiwa. Tuliuliza swali moja kila hatua: tarehe gani, na nani? Nilidhani mapengo yatakuwa kwenye uamuzi, yaani mtu ameona jibu akafanya jambo lisilofaa. Hayakuwa huko. Jibu likishaonwa na muuguzi mbobezi, karibu kila mara uamuzi ulikuwa sahihi na wa haraka. Pengo lilikuwa kati ya "jibu limetoka" na "mtu ameliona".

Chanzo ni mpangilio wa mfumo wetu. Jibu hurudi kwa aliyeagiza. Aliyeagiza akiwa likizo, akiwa mgonjwa, akiwa amehamishiwa zamu nyingine, jibu humsubiri yeye. Katika kufuatilia tulikuta jibu la potasiamu lililozidi 6. Kiwango cha kawaida ni takribani 3.5 hadi 5.0 (milimoli kwa lita), na ikifika juu ya 6 mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika bila onyo. Muuguzi aliyeagiza alikuwa likizo. Jibu lilionwa na mwenzake aliyekuwa anatafuta jibu la mgonjwa mwingine mwenye jina linalofanana. Mgonjwa aliitwa siku ileile, akatibiwa, yu mzima. Kwenye kitabu cha matukio imeandikwa "hakuna madhara". Nimeomba iandikwe pia kwamba kilichomwokoa kilikuwa bahati.

Hapa nimemkumbuka Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston mwanzoni mwa karne iliyopita. Alidai kila hospitali imfuate kila mgonjwa kwa muda wa kutosha kujua kama matibabu yalifanikiwa, na kama hayakufanikiwa iulize kwa nini. Wenzake hawakulipenda wazo hilo. Alifungua hospitali yake ndogo, akachapisha matokeo yake mwenyewe: kati ya mwaka 1911 na 1916, wagonjwa 337 walioruhusiwa na makosa 123 aliyoyahesabu bila kuficha. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado mahali pengi ukaguzi unaishia kwenye karatasi iliyojazwa mgonjwa alipokuwa bado ndani ya jengo.

Mabadiliko tuliyoanza nayo: kila jibu lina mwenye jibu wa leo. Aliyeagiza akiwa hayupo, orodha ya zamu inataja mrithi wake kwa jina, na mfumo unampelekea huyo. Majibu ya hatari hayasubiri mashine. Maabara hupiga simu, na anayepokea husoma namba kwa sauti ili wahakikishe wamesikiana. Kila asubuhi kuna orodha ya majibu ambayo hayajafungwa. Jina halitoki kwenye orodha mpaka mgonjwa ameambiwa kwa ile tafsiri yetu ya Februari.

Mei, mwanzoni

Hofu imeingia, na sitaki kuipita haraka.

Wauguzi wawili waliniuliza kwa faragha kama majedwali haya yatatumika kwenye tathmini ya mwaka. Mmoja alisema wazi: "Dada, tukijua kuna alama zenye majina, tutaanza kuandika kwa ajili ya mkaguzi." Yuko sahihi kabisa, na akisema hivyo anaulinda mradi.

Kuna pia sababu ya hesabu ya kutopanga watu kwa alama. Tunakagua majalada 10 ya kila muuguzi kwa mzunguko. Chukua wauguzi wawili wenye ubora uleule, kila mmoja akifanya jambo sahihi kwa wagonjwa 80 kati ya 100. Kwa majalada 10 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kuna nafasi ya takribani asilimia 12 kwamba mmoja atapata 6 au pungufu, na takribani asilimia 11 kwamba mwingine atapata 10 kamili. Ukiwabandika ukutani, mmoja atapongezwa na mwingine ataitwa ofisini, na tofauti yao yote ni bahati ya majalada yaliyochomolewa. Nilionyesha hesabu hiyo kwenye kikao cha uongozi na niliona nyuso zikibadilika.

Tumekubaliana hivi. Matokeo ya muuguzi mmoja huenda kwake peke yake, pamoja na majalada husika ili ajisomee. Kikao huona jumla ya kliniki. Wenzake wawili hukaa naye kwenye majalada magumu, yale ambayo mwongozo hauna jibu la moja kwa moja, na mazungumzo hayo hayaingii kwenye faili la utumishi. Tukio la uzembe wa makusudi lina njia yake ya kinidhamu iliyokuwepo tangu zamani, na mradi huu hauigusi. Mwanasaikolojia James Reason, katika makala yake ya mwaka 2000 kwenye jarida la kitabibu la BMJ, alitenganisha kumtazama mtu kama chanzo cha kosa na kuutazama mfumo. Kisa chetu cha potasiamu ni mfano wa kutosha: ungemwadhibu nani, aliyekuwa likizo?

Mei, mwishoni

Viti vimefika. Mikanda pia. Mashine moja bado.

Juni

Tumeanza kuchora. Kila wiki ni nukta moja: sehemu ya majibu yasiyo ya kawaida yaliyofungwa ndani ya muda tuliouweka. Katikati kuna mstari wa kati, nusu ya nukta zikiwa juu yake na nusu chini, na kanuni tunayoifuata ni kwamba nukta 6 au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari zinaashiria mabadiliko ya kweli, wakati kupanda au kushuka kwa wiki moja ni mtikisiko wa kawaida. Wazo la kutenganisha mtikisiko wa kawaida na mabadiliko ya kweli lilitoka kiwandani. Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1924. Limetufaa sana kwenye vikao, kwa sababu wiki mbaya ilikuwa inaleta waraka mpya, na wiki nzuri inaleta makofi, na vyote viwili havikuwa na msingi.

Upande wa majibu ya maabara, nukta zimevuka juu ya mstari wa zamani na zimekaa huko kwa muda wa kutosha kanuni yetu kukubali. Upande wa presha zinaelekea. Upande wa miguu hakuna kilichosogea hata kidogo.

Miguu tumeijadili. Kila mtu anakubali umuhimu wake, uzi wa nailoni upo kila chumba, na bado haifanyiki. Nilikaa tena vyumbani. Mgonjwa ameingia, amekaa, ameeleza shida zake, muda umekwenda, na viatu bado viko miguuni. Kuvua viatu na soksi kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu kunamaliza subira ya wote wawili, basi inasemwa "tutaangalia safari ijayo". Kuanzia wiki ijayo mhudumu wa mapokezi atamsaidia mgonjwa wa kisukari kuvua viatu kabla hajaitwa. Atakayeingia na miguu mitupu atakaguliwa. Muuguzi hawezi kuacha kuiona.

Tunapima pia muda wa kusubiri. Kama kukagua miguu kunawafanya wagonjwa wa mwisho kwenye foleni waondoke bila kuonwa, tumehamisha madhara tu.

Julai

Jambo lililonisumbua wiki zote hizi sasa lina jina: wasiorudi.

Majalada tunayokagua yanachaguliwa kutoka kwa wagonjwa waliohudhuria. Mwenye kisukari aliyeacha kuja tangu mwaka jana hayumo. Hajakaguliwa miguu, hajapimwa figo, hajui presha yake, na kutokuwepo kwake kunapandisha alama zetu, kwa sababu idadi tunayogawanyia asilimia zetu ni ya wale tu walioweza kufika. Kliniki inaweza kuwapoteza wagonjwa wake wagumu zaidi na jedwali lake likapendeza kila mwezi. Kwa mradi unaojiita wa kumfuata mgonjwa, hili halivumiliki.

Kwa hiyo tumebadilisha hesabu. Katika idadi tunayogawanyia sasa anahesabiwa kila mtu aliyesajiliwa kwetu na ugonjwa husika, aje asije, isipokuwa aliyehama kwa barua au aliyefariki. Asilimia zetu zimeshuka kwenye viashiria vyote kwa siku moja, na nimeandika pembeni ya chati sababu ya kushuka huko ili atakayeisoma baadaye asiidhani ni uzembe. Uongozi uliuliza kama ni lazima. Nikajibu kwamba namba ya zamani ilikuwa inajibu swali la "tunawahudumiaje wanaokuja", na hii mpya inajibu "tunawahudumiaje wagonjwa wetu". Waliniruhusu kuziweka zote mbili, ukurasa mmoja, na hiyo naiona ni haki.

Muuguzi mmoja na mhudumu wa mapokezi wameanza kuwapigia simu wasiorudi. Sababu wanazopewa wanaziandika kama zilivyosemwa, bila kuzipanga kwenye makundi kwanza. Wengi walidhani dawa zikiisha na mtu hajisikii vibaya, matibabu yameisha. Huo ni mchakato wetu, dakika zile za mwisho chumbani, na unapimika.

Majibu ya swali la mlangoni yanaunga mkono. "Umeambiwa majibu yako yana maana gani?" Wanaojibu kwa maneno yao wenyewe wanaongezeka. Wanaosema "wamesema niko sawa" bado ni wengi, na kwenye baadhi yao jalada linaonyesha hawako sawa. Majalada hayo yanarudi kwa muuguzi husika siku hiyohiyo, na mgonjwa hupigiwa kabla ya jioni.

Kinachofuata ni rufaa. Tunamtuma mgonjwa kwa daktari wa macho, tunaandika "amepewa rufaa", na hapo tunamwacha. Daktari mshauri amekubali kliniki ya macho iturudishie orodha ya waliofika kila mwisho wa wiki. Mpaka sasa tumekubaliana fomu, jina la anayeipokea kwetu, na jina la mrithi wake akiwa hayupo. Orodha ya kwanza inatarajiwa Ijumaa.